Kupiga Soga na Mvietnam, Kupiga Soga na Mwingereza: Mwongozo Kamili wa Nini cha Kuuliza na Wakati Gani

Mvietnam aliyekutana nawe leo anaweza kukuuliza umri wako, kama umeoa, una watoto wangapi na unalipwa kiasi gani, yote hayo kabla chai haijapoa, wala asione kwamba amekosa adabu. Mwingereza anaweza kukaa nawe ofisi moja kwa miaka, mkasalimiana kila asubuhi na kucheka pamoja, na bado usijue kama ana mke. Wote wawili wanapiga soga, na kila mmoja anafuata adabu aliyolelewa nayo. Kinachotofautiana ni mpangilio: Mvietnam huanza na mtu mwenyewe ndipo aende kwenye mambo ya nje, ilhali mzungumzaji wa Kiingereza huanza na mambo ya nje yanayoonekana na wote wawili, kama vile mvua au foleni ya magari, na huyagusa ya mtu pale tu mwenyewe anapoyaleta.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuyajua haya. Kampuni ya simu ya Viettel kutoka Vietnam inafanya kazi Tanzania kwa jina la Halotel tangu mwaka 2015, na Burundi kwa jina la Lumitel. Wafanyabiashara wa Vietnam ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi za Mtwara na Lindi. Na mara nyingi lugha inayotumika kati yao na wageni wao ni Kiingereza, hata kama adabu inayoiongoza si ya Kiingereza. Ninaposema wazungumzaji wa Kiingereza nakusudia hapa Waingereza na Wamarekani, kwa kuwa Mnijeria, Mhindi au Mkenya anayezungumza lugha hiyo huja na adabu za kwao.

Hatua ya kwanza: Elewa kwa nini umri huulizwa mapema

Katika Kivietnam ni vigumu kutunga hata sentensi fupi ya heshima kabla hujaamua wewe ni nani kwa huyo unayezungumza naye. Mahali pa "mimi" na "wewe" hukaa majina ya undugu. Mwanamume aliyekuzidi umri kidogo ni anh, kaka. Mwanamke ni chị, dada. Aliye mdogo kwako ni em. Mwenye umri wa kukaribiana na wazazi wako huitwa cô, chú au bác, kutegemea jinsia yake na kama ni mdogo au mkubwa kuliko wao. Wazee ni ông na bà. Ukimwita mtu anh, wewe mwenyewe umekwisha kuwa em katika sentensi hiyohiyo. Lipo neno tôi, "mimi" isiyoegemea upande wowote, lakini kati ya watu wanaotaka kuzoeana husikika kama neno la mtu anayejitenga. Kwa hiyo anayekuuliza umri hapimi uzee wako; anatafuta pa kukuweka.

Jambo hili si geni kwetu, maana anayetaka kusema shikamoo naye lazima akisie umri, ila sisi hukisia kwa macho. Tunapoachana nao ni kwenye majibu. Salamu zetu huizunguka nyumba nzima, lakini majibu yake yamekwisha kupangwa tangu zamani: nyumbani kwema, watoto hawajambo, kazi nzuri. Swali la Mvietnam husubiri jibu la kweli, au angalau la kukaribiana na ukweli, na anayejibu "nzuri tu" kwa kila kitu huonekana amefunga mlango.

Ukiulizwa umri, taja mwaka uliozaliwa badala ya idadi ya miaka. Kwa hesabu ya jadi ya Vietnam mtoto huhesabiwa mwaka mmoja siku anayozaliwa, na hivyo idadi ya miaka inaweza kuleta mkanganyiko, ilhali mwaka wa kuzaliwa hauna utata. Zaidi ya hapo, mwaka huo utampa mnyama wako katika mzunguko wa wanyama 12, na huyo peke yake anaweza kuzaa mazungumzo ya kutosha kikombe kizima cha kahawa. Vietnam ina paka pale Wachina walipoweka sungura, na ina nyati wa kufugwa pale ng'ombe anapotajwa kwingineko. Aliyezaliwa mwaka 1987 ni paka, wa 1988 ni joka, wa 1990 ni farasi. Mwenye siku ya kuzaliwa ya Januari au Februari ahakikishe kwanza, kwa sababu mwaka huo hauanzi Januari mosi bali siku ya Tết, sikukuu ya mwaka mpya, ambayo huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na takriban Februari 20. Mtu wa tarehe 15 Januari 1990 bado ni nyoka.

Hatua ya pili: Andaa majibu kabla hujaulizwa

Swali la ndoa litakuja, hasa kutoka kwa wanawake wa makamo, na jibu lake la adabu ni "bado", ambalo kwa Kivietnam ni chưa. Ukijibu "hapana" au "sitaki" utakuwa umeanzisha mjadala ambao hukuutaka, kwa maana mwenzako atataka kujua una tatizo gani. "Bado" hufaa pia kwa swali la watoto. Baada yake huenda ukaambiwa kwamba yupo mpwa wake anayekufaa sana. Cheka, shukuru, kubali kwa mdomo, kwani ahadi hiyo haina anayeidai.

Kuhusu mshahara, hakuna anayekulazimisha kutaja kiasi. Wavietnam wenyewe hujibu đủ sống, yaani unatosha kuishi, na kila anayelisikia jibu hilo hulipokea kama jibu kamili. Baada ya kulisema, geuza maneno kuelekea gharama: kodi ya chumba, bei ya mafuta ya pikipiki, ada za shule. Hapo utakuwa umempa alichokuwa akikitafuta, ambacho ni kujua maisha yako yakoje, bila kumfungulia pochi.

Maneno kuhusu mwili ni mtihani mkubwa zaidi. "Umenenepa" au "mbona umekonda" huweza kuwa neno la kwanza kutoka kwa mtu ambaye hamjaonana kwa muda, na msomaji wa Kiswahili hatashtuka, kwa sababu nasi tunasema vivyo hivyo na mara nyingi kwa kusifu. Suala la rangi ya ngozi ni jingine. Nchini Vietnam weupe wa ngozi husifiwa waziwazi, na wanawake wengi wakiwa juu ya pikipiki hujifunika kutoka kichwani hadi vidoleni ili jua lisiwaunguze wakawa weusi. Mgeni mwenye asili ya Afrika atasikia maneno kuhusu rangi yake na nywele zake, na wapo watakaonyoosha mkono kuzigusa. Mimi sikubaliani na wanaoshauri kwamba mgeni ayameze yote kwa tabasamu. Udadisi hufuatwa na maswali kukuhusu wewe, unatoka wapi, kwenu mnakula nini. Dharau hufuatwa na kicheko cha wenzake. Kwa wa kwanza jibu kwa upole, na kama hutaki kuguswa rudisha kichwa nyuma na useme hapana huku ukitabasamu. Kwa wa pili huna wajibu wa kuendelea na soga.

Yapo pia maswali ambayo kwa kweli ni salamu tu. Ăn cơm chưa? ni "umekula?", na Đi đâu đấy? ni "unakwenda wapi?". La kwanza si mwaliko wa chakula, la pili si upelelezi. Jibu "nimekula" na "hapo mbele tu", kama ambavyo ungemjibu jirani kwenu, kisha endelea na safari.

Haya yote yana nguvu zaidi kwa wakubwa na kwa watu wa mashambani. Vijana wa Hanoi na wa Ho Chi Minh City kila Tết hulalamika wao wenyewe kuhusu mashangazi wanaowahoji lini wataoa na bonasi ya mwaka ilikuwa kiasi gani. Ukiwa na kijana wa rika lako, usianze kwa maswali ambayo amekimbia nyumbani ili asiulizwe.

Hatua ya tatu: Uliza na wewe

Anayejibu tu bila kuuliza huonekana mtu wa kujificha. Swali salama kuliko yote ni Quê ở đâu?, kwenu ni wapi, kwa maana ya kwa wazee wako, hata kama hukuzaliwa huko. Likishajibiwa, uliza kijiji hicho kina chakula gani. Mkoa hata uwe mdogo hukosi kusikia kuna tambi, keki ya mchele au samaki wa kwao asiye na mfano. Kwa chakula unaweza hata kuchokoza kidogo: phở, supu ya tambi za mchele, ya Hanoi ina mchuzi mwepesi na majani machache, ilhali ya kusini huwa tamu zaidi na huletwa na rundo la majani mabichi, chipukizi za maharage na sosi pembeni. Uliza ipi ndiyo phở halisi, kisha uwaachie wenyewe uwanja.

Mpira hufaa karibu kwa kila mtu. Januari 2018 timu ya vijana ya Vietnam ya chini ya miaka 23 ilifika fainali ya Asia mjini Changzhou, China, ikacheza katika theluji na kufungwa na Uzbekistan 2-1 dakika za mwisho za muda wa nyongeza. Iliporudi Hanoi ilipokewa kama bingwa. Desemba ya mwaka huohuo timu ya taifa, chini ya kocha Mkorea Park Hang-seo, iliishinda Malaysia na kutwaa kombe la Asia ya Kusini-Mashariki. Uliza ulikuwa wapi usiku ule, na utaelezwa kuhusu đi bão, "kwenda dhorubani", ambapo maelfu ya pikipiki zenye bendera huzunguka jiji hadi usiku wa manane zikipiga honi. Shabiki wa Simba au Yanga hahitaji kufafanuliwa.

Bei nayo ni mada halali: viatu hivi umenunua kiasi gani? Tarajia kuambiwa kwamba wewe mwenyewe umepigwa bei. Mtoto mchanga akiletwa mbele yako, kumbuka kwamba wengi huogopa sifa tupu kwa mtoto na hutanguliza maneno trộm vía ili kumkinga, kama watu wa pwani wanavyosema mashallah. Ukisema neno hilo kabla ya kumsifia, bibi wa mtoto atakupenda papo hapo. Na siku za Tết usizungumzie ugonjwa, kifo wala hasara, kwa sababu maneno ya siku za mwanzo huaminika kuufuata mwaka mzima.

Hatua ya nne: Kwa mzungumzaji wa Kiingereza, anza mbali

Tangu mwaka 1758 mwandishi Mwingereza Samuel Johnson aliandika kwamba Waingereza wawili wakikutana, jambo la kwanza wanalozungumzia ni hali ya hewa, na hajakosolewa hadi leo. Wageni hukosea kwa kuichukulia kauli hiyo kama taarifa. Mwingereza akisema kuna baridi leo, haombi kipimo, anaomba ukubali. Sema ndiyo, ongeza kwamba jana kulikuwa na afadhali, na tayari mmefahamiana kiasi kinachotosha kwa siku hiyo. Ukimwambia kwamba hiyo si baridi kitu, utakuwa umemkatalia mkono alioutoa.

"How are you?" na "You all right?" hazihitaji habari za nyumbani. Jibu ni fupi, na linafuatwa na kurudisha swali. Hapa Waswahili wengi hupotea njia mbili: ama wanaeleza homa ya wiki iliyopita, ama wanataka kuendelea na habari za kazi, watoto na safari, mpaka mwenzao anaanza kutazama saa.

Baada ya hapo ipo mbinu moja inayofanya kazi kuliko orodha yoyote ya mada: toa kidogo cha kwako, kisha ngoja. Sema kwamba mwisho wa wiki ulimpeleka mwanao kuogelea. Mwenzako akijibu kwamba naye wanawe wanapenda maji, ameshakufungulia mada ya watoto, na sasa unaweza kuuliza majina yao na umri wao. Akijibu kwamba kuogelea ni jambo zuri, mlango wa watoto umebaki umefungwa; rudi kwenye mwisho wa wiki, likizo, mbwa wake, treni iliyochelewa au mechi ya jana. Usiulize kile ambacho hajakigusa: umri, uzito, dini, amempigia nani kura, kwa nini hana watoto. Hata "umepungua" linaweza kumwangukia mtu aliyetoka hospitalini, na "unaonekana umechoka" hupokewa kama lawama.

Wamarekani wana uhuru zaidi. Watakuuliza kazi yako mapema, watazungumza na mtu wasiyemjua kwenye lifti au kwenye foleni ya duka, ilhali abiria wa treni za chini ya ardhi za London hukaa kimya, na ukimya huo ni heshima. Lakini kwa pande zote mbili, kuuliza kazi si ruhusa ya kuuliza mshahara.

Ofisini tahadhari huzidi, na sheria imechangia. Sheria ya usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi kama umri, ndoa, ujauzito na dini; nchini Marekani sheria ya mwaka 1967 inawalinda wafanyakazi wa miaka 40 na kuendelea wasibaguliwe kwa umri. Sheria hizi hazikatazi soga, ila zimewazoesha watu kuyaona maswali hayo kama ya mwajiri anayetafuta sababu ya kukukataa. Mvietnam anayemuuliza msailiwa wa London kama anatarajia kupata mtoto karibuni anaweza kuiponza kampuni yake.

Lipo eneo moja ambapo watu hawa hukutana bila mtu wa kuwapatanisha. Msifie Mwingereza koti lake, na huenda akakuambia mwenyewe kwamba alilinunua kwa bei ya punguzo, na hata kiasi atakitaja. Bei ndogo haina siri.

Hatua ya tano: Chunga swali la asili na suala la vita

Swali "unatoka wapi?" ni zawadi Hanoi na ni kidonda London. Novemba 2022, katika hafla kwenye kasri la Buckingham, mwanamke mweusi mzaliwa wa Uingereza aliyeanzisha shirika la hisani aliulizwa tena na tena anatoka wapi hasa, ingawa alishajibu. Mhudumu mkongwe wa familia ya kifalme aliyemuuliza alijiuzulu na kuomba radhi. Mvietnam akiuliza quê anataka kujua mizizi yako ili akutafutie la kusifu. Raia wa Uingereza mwenye asili ya Asia au Afrika huweza kulisikia swali hilohilo kama kuambiwa kwamba hapa si kwao. Basi kwa Mwingereza uliza kama anaishi karibu, naye akitaka kutaja asili yake ataitaja.

Kuhusu vita ya Vietnam na Marekani, Wamarekani ndio huileta mezani mara nyingi, na Mvietnam husikiliza kwa adabu. Wengi wa Wavietnam wa leo wamezaliwa baada ya Aprili 30, 1975, siku vita ilipokwisha kwa kuanguka kwa Saigon, na wangependa kuzungumzia kitu kingine. Vilevile siasa za chama tawala hazifai kwa watu msiojuana. Hali hugeuka ukikutana na Wavietnam wa ughaibuni, kwa mfano wa Westminster katika jimbo la California, ambako tarehe hiyohiyo huitwa Aprili Nyeusi na bendera inayopeperushwa ni ile ya Vietnam Kusini iliyoshindwa, ya manjano yenye mistari mitatu myekundu. Usimpongeze mzee wa huko kwa ushindi, usivae fulana yenye bendera nyekundu ya Vietnam ya leo, na Ho Chi Minh City iite Saigon, jina ambalo hata wakazi wake wa leo hulitumia kila siku.

Hatua ya sita: Ukiwa katikati

Anayewakutanisha watu hawa, awe mkalimani, wakala wa korosho au mwenyeji wa mkutano, afanye kazi yake kabla ya chai kuletwa. Mwambie Mwingereza kwamba ataulizwa umri ili aitwe ipasavyo, na kwamba mwaka wa kuzaliwa unatosha. Mwambie Mvietnam kwamba mgeni akizungumzia mvua kwa dakika tano hakwepi biashara. Swali la mshahara likitoka ghafla, mkalimani mzuri huligeuza kuwa swali la gharama za maisha mjini London, na wote wawili huondoka wameridhika. Lakini usibadilishe maneno kila mara kwa siri; ukiulizwa mwenzako alisema nini hasa, sema kweli na ueleze alikusudia nini.

Mpangilio wa mazungumzo nao usaidie. Anzeni na chakula au mpira, ambavyo viko nje ya mtu na bado vina joto la kutosha kwa Mvietnam. Mwachie mkubwa wa upande wa Vietnam aanze, kwa kuwa walio chini yake watamsubiri, na ukimya wao usidhaniwe kuwa ni kukosa hamu.

Hatua ya saba: Namna ya kuaga

Mwingereza akisema ni lazima siku moja mle chakula cha mchana pamoja, bila kutaja siku, amekuaga. Mvietnam akisema hôm nào đi cà phê nhé, siku moja tukanywe kahawa, naye kwa kawaida amekuaga. Wote wawili wakitaja siku na mahali, mwaliko ni wa kweli. Kwa Mvietnam aliyealika ndiye hulipa kwa kawaida, na zamu yako itafika; kwa Mwingereza uliza mapema, kwa sababu huenda kila mtu akajilipia.

Ukikuta Wavietnam wanakula, watakukaribisha. Jibu kwamba umekula na uwatakie chakula chema, kama unavyofanya kwa jirani anayesema "karibu tule"; keti tu wakirudia kwa kusisitiza na kukusogezea kiti. Unapoondoka katika kundi lao, anza kumuaga aliye mkubwa kuliko wote kwa jina la undugu mlilokubaliana tangu mwanzo, ndipo uwageukie wengine. Kwa Waingereza anza na mwenyeji wako, mwambie kwamba unamwacha aendelee na shughuli zake, kisha uondoke kweli.